Majivu Bubu na Lengalenga ya Lweba

Kazi yangu mi niliifanya na ulimi. Muache kucheka, nyinyi bajukuu. Seremala iko na jicho yake, muvuvi iko na mukono yenye kusikia wavu, na mi nilikuwa na ulimi. Nilikuwa napika chumvi ya majivu pa Lweba, kando ya ziwa, ile bazee baliita munyu, mbele ya chumvi ya sashe, ile ya mifuko midogo, kujaa mu maduka yote. Nilikuwa nalamba maji ya majivu, nasema "hii, pika" ao "hii, mwaga". Kutoka Lweba mpaka Baraka hakuna mama mwenye alinipita, isipokuwa mama mukwe yangu Zaina, na yeye njo alinifundisha.

Shule nilifika kidogo tu, ya kutosha kuandika jina yangu na kusoma barua pole pole. Haya maneno naandika mwenyewe. Mujukuu yangu Riziki ananisahihisha fasi anaona nimeharibu, na fasi ingine namukataza.

Bantu bengi banafikiri chumvi inatokaga mu bahari ao mu mawe tu. Iko mu majani pia. We kata mafunjo pale muto Mutambala inaingia mu ziwa, yakaushe vizuri, yachome, chuja majivu, pika ile maji mpaka ikauke. Ku chini ya nyungu utabaki na kitu nyeupe-kijivu. Haiko sawa na ya duka. Inauma kidogo, inakaza ulimi, na ukitia mingi tumbo itakugombeza. Lakini sombe, ile mboga ya majani ya mihogo, inaipenda. Maganda ya ndizi iko na munyu. Matawi ya ngazi, ule muti wa mawese, yenye matunda imekwisha kutoka, iko nayo mingi. Lengalenga, ile bengine banaita muchicha, yenye imezeeka na kukomaa, mashina yake iko nayo kabisa. Majani ya mianzi usijisumbue, utapata majivu mingi na aibu.

Nilipoolewa, shangazi yangu alinipa sufuria ya alumini, inang'aa ile ya kujiangalia sura. Mi, juu ya kiburi ya bibi arusi, nikapikia ndani yake maji ya majivu. Mama Zaina alikuwa anakaa pale pale, anachambua ndagala, dagaa yetu ya ziwa, ananiangalia, haseme kitu. Kidogo kidogo sufuria ikaanza madoa, ikawa na bishimo, siku moja ikatoboka, maji yote ikazima moto.

"Mama, juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungesema hii muzee iko na wivu ya sufuria. Sasa umeona ile maji iko na meno."

Tangu siku ile napikia mu nyungu ya udongo. Na nyinyi, kama kuna mwenye atajaribu, ni nyungu. Nimemaliza.

Kuchuja iko hivi. Unakamata kitunga, unatandika ndani majani makavu safi, unajaza majivu, unashindilia na ngumi, si kwa nguvu sana. Unaweka juu ya nyungu. Unamwanga maji kidogo kidogo, sawa vile unanawisha mutoto kichwa. Ukimwanga kwa haraka, maji inatafuta njia moja tu, inapita pale pale, majivu ya pembeni inabaki na munyu yake. Kama majivu ni mazuri, tone la kwanza linatoka na rangi ya chai. Hapo njo unaweka kidole, unagusa ncha ya ulimi.

Mama Zaina alikuwa anafunga macho. Kama majivu ilikuwa na munyu, alikuwa anasema, "Inasema." Kama haina, alikuwa anatema pembeni na kusema neno moja: "Bubu." Majivu bubu. Hilo neno nililiogopa kuliko kugombezwa na bwana yangu.

Na kitu yenye inafanya majivu kuwa bubu ni mvua. Hapa munisikie vizuri, juu hata bantu ba kusoma banashangaa. Majani yenye imekatwa na kukauka, ikinyeshewa, munyu inatoka mbele ya jani kuoza. Mbele kabisa! Jani unaliona zima, liko na sura yake, liko na mishipa yake, ukilichoma linawaka vizuri. Kumbe kile cha kulamba kimekwisha kwenda. Fikiri majani ya chai. Ukimwanga maji mara ya kwanza, utamu na rangi vyote vimetoka, lakini majani bado iko mu birika, mazima. Jaribu kumwanga tena na tena, uone utakunywa nini. Mvua ni maji ya birika, na rundo ya mafunjo ni chai. Nyama ya jani, ile ngumu, njo inaoza pole pole nyuma, na kulisha udongo kwa muda murefu. Lakini munyu haingojee. Mvua ya kwanza kubwa, imeshuka.

Kwa hiyo sheria ya Mama Zaina ilikuwa moja: majani ya munyu inalala mu nyumba, hata kama we utalala inje.

Riziki anasoma mambo ya kilimo ku Uvira. Siku moja nilimweleza haya tukiwa tunamenya mihogo, akaacha kisu.

"Koko, hivi njo walitufundisha! Kuna inchi kiwanda ya kuran, ule umeme wa nyuklia, ilipasuka, sumu yake ikaruka na upepo, ikaanguka mu pori. Ile sumu inafanana na munyu yako. Muti unashindwa kuitofautisha, unainywa, inaingia mpaka mu majani. Majani ikianguka chini, mvua inaitoa mbio mbio, inashuka mu udongo, na mizizi inainywa tena."

"Sasa inaisha lini?"

"Inachukua muda murefu, Koko. Inazunguka tu, chini, juu, chini, juu."

Nikamwuliza, "Na bantu ba kule banakula nini?" Akasema bengine balihama, bengine banakatazwa kuokota uyoga. Niliwaza bamama ba ile inchi, uyoga iko mbele ya mulango na hawawezi kuigusa. Sisi huku angalau chetu kilichoshuka chini na mvua, munyu, kilikuwa cha kula.

Sasa nitawaambia juu ya mwaka ule wa vita ya kwanza ya hapa kwetu, juu pale njo nilijua kama nimeshika hii kazi ao naigiza tu.

Barabara ya Uvira ilikuwa imeanza kufungwa. Mashua za chumvi kutoka ng'ambo ya ziwa zikaanza kukosa siku. Bamama ba Lweba bakaanza kuniita jina tamu: "Mama Feza mupendwa", "Mama Feza dada yangu", na bengine mbele ya pale hawakunisalimia. Mi nikaona, hapa munyu itatafutwa. Nikakata mafunjo mpaka mikono ikachanika. Nikajaza banda yangu ya nyuma, rundo refu kunipita, kavu, linalia kshhh ukiligusa. Banda ilikuwa na nguzo ine na mabati juu. Ile mabati bwana yangu Ramazani aliipenda kuliko mashua yake.

Asubuhi moja tukasikia bunduki upande ya Baraka. Bantu bakaanza kupita na magodoro ku kichwa. Mi nafunga batoto, Mama Zaina anakusanya nguo ya sala, Ramazani simuoni. Namwita, namwita. Natazama nyuma ya nyumba: yuko juu ya banda anang'oa misumari!

"We Ramazani! Unafanya nini?"

"Basoda batayaiba! Nakuja!"

"Utakufa juu ya mabati?"

"Yalikuwa ghali!"

Aliyatoa yote, akayafukia mu muchanga pale alikuwa anapandisha mashua. Alifanya haraka, sitamunyima sifa. Tukaingia mu mashua, tukavuka kwenda Ubwari kwa bajomba yake. Mafunjo yangu ikabaki pale chini ya mbingu wazi, na mvua za masika ziko njiani. Mi niliona. Nilisema. Lakini batoto banalia na bunduki inakaribia, nani atabishana juu ya paa?

Ubwari tulipokelewa vizuri, Mungu abariki ile nyumba. Samaki ilikuwako, mihogo ilikuwako. Chumvi hakuna. Tulikula samaki ya maji matupu, na Mama Zaina alikuwa anakula pamoja na bote, anashukuru, anasifu mapishi. Mi nilishangaa, juu namujua. Niliwaza labda vita imemulainisha.

Haikumulainisha. Miezi ikapita, na pale mambo ilitulia kidogo tukarudi Lweba, siku ya kwanza tu nikamuwekea bugali na mboga. Akasukuma sahani na vidole viwili.

"Mama, kula."

"Ubwari nilikuwa mugeni, nikafunga kinywa. Hapa ni kwangu. Mu nyumba yangu sikule tope."

"Chumvi hakuna Lweba yote, Mama."

"Mi najua nani ni mupishi wa munyu hapa Lweba. Ni wewe. Basi."

Akageukia ukuta.

Tulicheka siku hiyo. Siku ya kufuata hatukucheka. Alikuwa anakunywa maji tu, na uji kidogo kama nimemulazimisha kama mutoto. Alikuwa amezoea kusali amesimama. Akaanza kusali amekaa. Nyuma ya siku kidogo akawa anasali amelala, midomo tu inasogea. Mwili wake ulikuwa umechoka na kukimbia, haukuwa na akiba. Mi na Ramazani tuliangaliana, na kila mumoja alijua mwenzake anawaza nini.

Ramazani alizunguka kutafuta chumvi. Wenye nayo balikuwa banaificha kama dhahabu. Alirudi na ndagala yenye haina chumvi na uso murefu.

"Mama, kula kidogo tu. Kwa ajili yangu."

"We njo uliyegawia mvua munyu yangu. Nenda."

Na kweli. Mabati aliifukua siku ile ile tulifika, nzima yote, hakuna hata moja yenye kukosa. Alicheza nayo kama mwari! "Mumeona? Mumeona? Majirani baliibiwa, mi sikuibiwa!" Nikamushika mukono nikamupeleka ku banda. Rundo langu lilikuwa limekaa chini, jeusi, liko na uyoga, linatoa harufu ya mashua kuukuu. Akaacha kucheza.

Lakini mi nina moyo wa kubisha. Nikapasua rundo katikati. Ndani kabisa kulikuwa na mafunjo yenye haikuoza, rangi yake ni nzuri, umbo lake ni zima. Nikajiambia, hii imepona. Nikaitoa, nikaikausha juu ya moto, nikaichoma. Majivu ilikuwa mingi, nyeupe kama unga wa muhogo. Nikafurahi. Nikashindilia mu kitunga, nikamwanga maji pole pole. Tone la kwanza likatoka jeupe sawa na maji ya kisima. Nilijua pale pale, lakini niliweka ulimi. Hakuna kitu. Nilikuwa nalamba mvua.

Nilimupelekea Mama Zaina hata hivyo, labda ulimi yangu imechoka. Akagusa na ncha. Hakuwa na mate ya kutema.

"Bubu," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nilitoka inje na ile nyungu, nikaenda kumwaga maji nyuma ya banda, fasi inatelemuka kwenda ku shamba ya chini. Na pale njo niliona lengalenga. Ilikuwa imeota yenyewe, hakuna mwenye alipanda. Nene, ndefu kunifika bega, majani yenye rangi nzito karibu kuwa nyeusi. Lakini sikiliza: pembeni kushoto lengalenga ilikuwa ya manjano, nyembamba, sawa na kila mwaka. Pembeni kulia pia. Ile nene ilikuwa kwenye mustari moja tu, kutoka chini ya rundo na kushuka.

Kwa kweli mi niliwaza mboga tu. Nikarudi ndani. "Mama, kuna lengalenga nzuri sana. Nitakupikia."

"Bila munyu?"

"Ni nene, Mama, sijaona ya vile. Imeota pale chini ya rundo tu, pembeni ni ya kawaida."

Akageuza kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuacha ukuta kutoka asubuhi.

"Chini ya rundo upande gani?"

"Upande maji inatelemukia."

"Mama Feza." Alikuwa ananitazama na macho ya zamani, ya mugomvi. "Rundo lilikuwa na munyu. Sasa halina. Munyu si ndege, haikuruka. Imekwenda wapi?"

Nikasimama pale mu mulango na nyungu mu mukono. Nikaona yote mara moja, maji ya kahawia inatoka chini ya mafunjo, inashuka, inaingia mu udongo, na ile lengalenga inafungua kinywa.

"Iko mu mashina," nikasema.

"Haya, kumbe unajua. Unangojea nini?"

Nikachukua panga. Ramazani alinikuta nakata.

"Utachoma mboga? Mu njaa hii? Batoto ba majirani banakuya kuchuma hapa kila siku!"

Alikuwa na haki, na nilimujibu bila kusimama. "Majani nabaachia batoto. Mi nataka mashina ya yale yenye imekomaa na kutoa mbegu. Nani anakula lile gogo? Na we usisimame pale. Leta mabati yako, mvua inakuya."

Hapo aliikimbiza kuliko siku ile ya kuificha. Akaipigilia juu ya banda. Mi nikapasua mashina membamba membamba kama njiti, juu ikiwa nzima haingekauka wakati ule wa unyevu, na Mama Zaina hakuwa na wakati wa kungojea. Mengine nikaanika chini ya mabati, mengine nikatundika juu ya moto jikoni, nikawa nageuza, nageuza, na macho inatoka machozi ya moshi. Kila nikiingia ndani nilikuwa natazama kifua yake kama kinapanda. Alikuwa ananikamata natazama.

"Bado sijakufa. Geuza mashina."

Ikakauka. Nikafagia jiwe pana, nikachomea juu yake ili majivu isichanganyike na udongo. Haikuwa mingi. Nikaweka mu kitunga kidogo cha kuchezea cha mutoto yangu Feza, nikamwanga maji tone kwa tone. Nilingoja. Tone la kwanza likatoka na kukaa pale ku ncha ya majani, zito, rangi ya chai yenye imekolea.

Sikulamba. Nilichovya kidole, nikaingia ndani mbio nikishikilia kidole na mukono mwingine sawa na kidole cha kuungua, nikamuwekea ku midomo. Alifunga macho. Alikaa hivyo mpaka nikaogopa.

"Mama?"

"Nyamaza. Inasema."

"Inasema nini?"

"Inasema bugali iko wapi."

Nilipika ile maji kwa haraka mpaka ikabaki munyu ya kujaza kiganja cha mutoto. Nikatwanga sombe, nikatia mawese kidogo, nikatia munyu na vidole vitatu. Tukamuinua, tukamuegemeza ku ukuta ule ule alikuwa anautazama siku zote. Donge la kwanza alilitafuna pole pole sana, mi na Ramazani tunatafuna naye kwa macho. La pili likaenda haraka. La tatu alilichovya mpaka chini ya sahani.

Ramazani alikuwa amepiga magoti pembeni yake. Jasho na machozi vinamutoka, anacheka peke yake kama mulevi. Kwa ile furaha akanyoosha mukono aonje naye, kidogo tu, pembeni ya sahani.

Mama yake akamupiga kofi ya mukono, pwa!

"We," akasema na kinywa imejaa, "nenda ukule mabati yako."